Faili limefika lakini halisomeki: ruhusa za mafaili unaponakili kwenda kwenye seva

Wenzangu wanaoanza kazi ya kutunza tovuti huniletea tatizo moja kwa sura nyingi. Mafaili yote yamefika kwenye seva, ukubwa wake unalingana na ule wa kwenye kompyuta yao, majina hayana kasoro, lakini kivinjari kinaonyesha hitilafu namba 403, au skripti iliyofanya kazi vizuri jana inajibu "Permission denied" (umenyimwa ruhusa), au programu inasoma mipangilio yake bila shida lakini inashindwa kuandika hata mstari mmoja katika faili lake la matukio. Jambo la kwanza wanalofanya ni kunakili upya, na matokeo huwa yaleyale, kwa sababu yaliyomo ndani ya faili hayakuwa na ubaya wowote. Kilichobadilika ni mmiliki wa faili na ruhusa zake, na hivyo havikai ndani ya faili. Hukaa katika rekodi ambayo mfumo wa seva huiandika wakati faili linapozaliwa huko.

Hilo ndilo ningependa ulishike mapema. Faili unaloliona kwenye seva si lile ulilotuma. Ni faili jingine, lililotengenezwa na mtumiaji ambaye uliingia kwa jina lake, kwa programu yenye mazoea yake, ndani ya folda yenye masharti yake. Ruhusa zake hutokana na pande hizo tatu, na faili la awali lililobaki kwenye kompyuta yako hutoa pendekezo tu, ambalo mara nyingine husikilizwa na mara nyingine hupuuzwa.

Kabla ya kwenda mbali, hakikisha kwamba unaweza kusoma matokeo ya amri ya ls -l, inayoorodhesha mafaili pamoja na ruhusa zake, bila kubahatisha. Herufi r (kusoma), w (kuandika) na x (kuendesha) zina thamani ya 4, 2 na 1, nazo hujumlishwa mara tatu: kwa mmiliki, kwa kundi, na kwa watu wengine wote. Kwa hiyo 644 ni faili ambalo mmiliki analisoma na kuliandika huku wengine wakilisoma tu, na 755 ni folda ya kawaida au skripti ambayo kila mtu anaweza kuiendesha. Wengi hulijua hilo katika wiki ya kwanza. Wanachochelewa kukijua ni mambo mawili yasiyoonekana katika tarakimu zenyewe.

La kwanza ni kwamba mfumo haujumlishi haki zako zote. Huuliza kwanza kama wewe ndiye mmiliki, na jibu likiwa ndiyo, basi tarakimu ya mmiliki pekee ndiyo inayotumika, hata kama kundi au watu wengine wamepewa zaidi. Faili lenye ruhusa 044 humkatalia mwenyewe na kumfungulia kila mpita njia. Jambo la pili, ambalo ndilo chanzo cha hitilafu nyingi zaidi, ni maana ya herufi hizo zinapokuwa juu ya folda. Huko r ni haki ya kuorodhesha majina yaliyomo, w ni haki ya kuongeza, kubadilisha na kufuta majina hayo, na x ni haki ya kupita. Ili seva ya wavuti isome picha iliyo katika /var/www/tovuti/picha, ni lazima iwe na haki ya kupita katika kila folda kuanzia mzizi hadi ya mwisho, na folda moja tu ikiufunga mlango, ruhusa 644 uliyoiweka kwa uangalifu juu ya picha yenyewe haisaidii kitu.

Kwa sababu hiyo, ukikutana na faili lisilosomeka, usianze na faili. Andika namei -l ikifuatiwa na anwani kamili ya faili hilo, nawe utaonyeshwa mmiliki na ruhusa za kila hatua ya njia, mstari kwa mstari. Nimewahi kumkuta mwenzangu akihangaika kutwa nzima na tovuti aliyoiweka ndani ya folda yake ya nyumbani, utaratibu uliokuwa ukifanya kazi kwenye seva ya zamani na kukataa kwenye mpya. Seva mpya ilikuwa ya Ubuntu, ambayo tangu toleo la 21.04 hutengeneza folda za nyumbani zenye ruhusa 750, ilhali zamani zilikuwa 755. Mafaili yake yote yalikuwa sahihi. Mlango wa nje ndio uliokuwa umefungwa.

Sasa tuziangalie programu zenyewe, kwa kuwa hapa ndipo mambo yanapotofautiana kwa namna ambayo haiwezi kukisiwa. Ukitumia scp, yaani amri ya kunakili mafaili kupitia SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva), bila chaguo lolote, faili jipya hupewa ruhusa za faili la awali baada ya kupunguzwa na umask ya mtumiaji aliye upande wa seva. Umask ni orodha ya haki zinazonyimwa: umask ya 022 huondoa haki ya kuandika kwa kundi na kwa wengine, hivyo faili lenye 664 kwako huwa 644 kule, umask ya 077 huondoa kila kitu kwa kila asiye mmiliki, hivyo 644 yako hufika ikiwa 600. Zingatia kwamba umask hupunguza tu, haiongezi kamwe. Kama faili lako ni 600 kwenye kompyuta yako, litafika likiwa 600 hata seva iwe na ukarimu wa namna gani, na hapo tovuti itashindwa kulisoma ingawa hakuna aliyekosea kwenye seva. Ukiongeza chaguo la -p, scp hujaribu kuweka ruhusa na tarehe zilezile za awali bila kujali umask. Haiwezi, hata hivyo, kukuhamishia mmiliki, kwa sababu katika mifumo kama Linux kumbadilisha mmiliki wa faili ni haki ya mtumiaji mkuu peke yake.

Haya yote yanahusu faili jipya. Kama faili lenye jina hilo lipo tayari kwenye seva, scp hulifungua na kuandika maudhui mapya juu ya yale ya zamani, hivyo mmiliki na ruhusa hubaki kama zilivyokuwa. Ndiyo maana mtu anaweza kusasisha tovuti kwa miezi kadhaa bila tatizo lolote, kisha siku anayoongeza ukurasa mmoja mpya, ukurasa huo peke yake ukakataa kufunguka. Mazoea hayo hayakubadilika hata OpenSSH, programu inayobeba scp, ilipofika toleo la 9.0 mwaka 2022, ambapo scp ilianza kutumia itifaki ya SFTP badala ya ile yake ya zamani.

Programu ya rsync, ambayo nayo hunakili mafaili kwenda kwenye seva, haifanyi hivyo, na tofauti hii inafaa kuzingatiwa. Kwa kawaida, rsync haiandiki juu ya faili lililopo. Huandika faili la muda pembeni yake ndani ya folda ileile, na likikamilika hulipa jina la lile la zamani. Ni busara kubwa, maana msomaji wa tovuti hapati kamwe ukurasa ulioandikwa nusu, lakini ina matokeo mawili. Kwanza, unahitaji haki ya kuandika katika folda, si katika faili, kwa hiyo faili ambalo scp ilikuwa ikilisasisha bila taabu linaweza kuishinda rsync, na kinyume chake. Pili, faili lililowekwa upya ni la mtumiaji aliyeingia, hata kama lile la zamani lilikuwa la mtu mwingine. Timu yenye watu watatu wanaotumia akaunti tofauti itakuta umiliki ukizungukazunguka kati yao kila siku, na siku moja mmoja wao hataweza kubadilisha ruhusa za kitu alichokitengeneza mwenyewe.

Kisha lipo chaguo la -a, ambalo kila mtu hufundishwa kuliandika bila kuelezwa linachobeba. Ni ufupisho wa -rlptgoD, na ndani yake mna p ya ruhusa, g ya kundi na o ya mmiliki. Kwa nakala ya akiba, ambapo unataka kila kitu kihifadhiwe kama kilivyo, chaguo hilo ni zuri sana. Kwa kupeleka tovuti kutoka kompyuta ya kazi, mimi silipendi, kwa sababu linasema kwamba ruhusa za kompyuta yangu ndizo zinazostahili kutawala seva, jambo ambalo si kweli karibu kamwe.

Nililipia somo hilo. Nilikuwa na folda ya kazi yenye ruhusa 775, kwa kuwa mfumo wa kompyuta yangu ulikuwa na umask ya 002, nami nikaandika rsync -a tovuti/ ikifuatiwa na jina la seva na nukta mbili (:) tu, bila kutaja folda ya kupokea. Nukta mbili zisizofuatwa na kitu humaanisha folda ya nyumbani, na mkwaju (/) ule wa mwisho baada ya neno tovuti humaanisha "yaliyomo ndani ya folda hii, pamoja na sifa za folda yenyewe". Mafaili yalinakiliwa, nikafunga dirisha, na nilipojaribu kuingia tena, ufunguo wangu ukakataliwa. Folda yangu ya nyumbani ilikuwa imegeuzwa 775. Seva ya SSH, kwa mpangilio wake wa kawaida unaoitwa StrictModes, haiuamini ufunguo ulio ndani ya folda ambayo kundi au watu wengine wanaweza kuiandika, kwa kuwa yeyote kati yao angeweza kuingiza ufunguo wake mwenyewe. Kuingia kwa nywila nilikuwa nimekuzima mwezi uliotangulia, nikijisifu kwa usalama. Niliokolewa na konsoli ya dharura ya mwenye seva, ambako nilikuta katika faili la matukio maneno yasemayo "bad ownership or modes for directory", na chmod 755 moja ikamaliza yote.

Tangu siku hiyo nina desturi mbili ambazo ningekuomba uzichukue. Ninapofanya lolote linalogusa folda ya nyumbani au folda ya .ssh, huacha dirisha moja la SSH likiwa wazi mpaka nimefanikiwa kuingia upya kwa dirisha la pili, kwa sababu muunganisho uliokwisha kukubaliwa haukatwi na ruhusa zilizobadilika baadaye. Na badala ya kuacha ruhusa ziamuliwe na kompyuta yangu, huzitamka:

rsync -rltp --chmod=D755,F644 tovuti/ seva:/var/www/tovuti/

Herufi D inazungumzia folda na F inazungumzia mafaili. Usiliache chaguo la -p ukidhani kwamba --chmod inatosha, kwani bila -p mafaili yaliyopo tayari hubaki na ruhusa zao za zamani, na utaona kama amri imepuuzwa. Kama kuna skripti zinazopaswa kuendeshwa, F644 itaziondolea x, hivyo andika --chmod=u=rwX,go=rX, ambapo X kubwa humaanisha kwamba haki hiyo itolewe kwa folda, na kwa faili lile tu lililokuwa nayo tangu mwanzo.

X kubwa ipo pia katika amri ya chmod yenyewe, na ingewaepusha wengi na ajali ninayoiona kila mara: mtu anaambiwa kwamba mafaili yanapaswa kuwa 644, anaandika chmod -R 644 juu ya folda nzima, na papo hapo folda hiyo inapoteza haki ya kupita. Hata yeye mwenyewe hawezi tena kuingia humo, na amri inamalizika ikitema malalamiko kuhusu mafaili ambayo haiyafikii. Dawa yake ni chmod -R u=rwX,go=rX juu ya folda hiyohiyo. Ukitaka kudhibiti zaidi, tumia find yenye -type d kwa folda na -type f kwa mafaili, kila moja na tarakimu zake.

Kuhusu 777 sina maneno mengi. Humaanisha kwamba kila programu na kila akaunti kwenye seva, pamoja na ile itakayotekwa na mvamizi kesho, inaweza kuandika upya faili lako. Anayekushauri kuitumia "kwa kujaribu tu" hakuambii siku ya kuiondoa. Tena baadhi ya seva zinazoendesha skripti kwa jina la mwenye akaunti hukataa kabisa skripti inayoweza kuandikwa na kila mtu, hivyo unaondoka kwenye hitilafu 403 na kuingia kwenye hitilafu 500.

Swali linalopaswa kuchukua nafasi ya 777 ni hili: nani atasoma, na nani ataandika? Kwenye Debian na Ubuntu, seva ya wavuti kwa kawaida huendeshwa na mtumiaji aitwaye www-data, na katika familia ya Red Hat, Apache huendeshwa na mtumiaji aitwaye apache. Huyo anahitaji kusoma karibu kila kitu na kuandika mahali pachache, kwa mfano folda ya picha zinazopakiwa na wageni wa tovuti. Basi mafaili yawe ya yule anayeyapeleka, yasomwe na kundi la seva ya wavuti, na folda ile moja tu ndiyo ipewe haki ya kuandikwa. Faili lenye nywila ya hifadhidata hustahili 640, likiwa na kundi la www-data, ili watumiaji wengine wa seva wasilione. Ukimaliza, usijipime kwa macho yako, maana wewe una haki ambazo msomaji hana. Jaribu kwa jina lake, kwa amri ya sudo -u www-data cat ikifuatiwa na anwani ya faili. Jibu la amri hiyo halina ubishi.

Mara nyingi folda ya tovuti ni ya root, yaani mtumiaji mkuu, na scp yako itakataliwa moja kwa moja. Wengi hupakia mafaili katika folda yao ya nyumbani kisha huyahamisha kwa sudo mv, bila kujua kwamba mv ndani ya diski ileile haibadilishi chochote isipokuwa jina, hivyo faili linafika mahali pa root likiwa bado na mmiliki wa zamani na ruhusa za zamani. Kwenye mifumo yenye SELinux, ulinzi wa ziada wa Linux, huchukua hata lebo ya usalama ya folda ya nyumbani, na seva ya wavuti hulikataa ingawa ls -l inaonyesha kila kitu kikiwa sawa. Amri ya ls -Z ndiyo itakayokuonyesha kasoro, na restorecon ndiyo itakayoirekebisha. Mimi hupendelea amri isiyo na umaarufu inayostahili, yaani sudo install -o root -g www-data -m 640, ambayo hunakili faili, humtaja mmiliki, kundi na ruhusa, vyote kwa mkupuo mmoja.

Kama mnafanya kazi wengi katika folda moja, iundieni kundi, na muiwekee folda ruhusa 2775. Ile 2 ya mwanzo hufanya kila faili jipya lirithi kundi la folda badala ya kundi la aliyeliandika. Haigusi umask, hata hivyo, kwa hiyo mwenzenu mwenye 022 ataendelea kuleta mafaili ambayo kundi linasoma lakini haliandiki, mpaka umask yake iwe 002. Na mmoja wenu akitumia rsync -a kutoka kwenye kompyuta isiyo na mpangilio huo, ile 2 itafutika katika folda atakazozigusa, kwa maana p imeagiza hivyo.

Chanzo cha mafaili nacho kina mchango wake. Diski mweko zenye muundo wa FAT au exFAT hazihifadhi ruhusa za namna hii hata kidogo. Linux hubuni ruhusa za kuonyesha, mara nyingi 755 au 777 kwa kila kitu, na ukinakili kutoka humo kwa -p au -a, picha na kurasa zako zote zitafika zikionekana kama programu za kuendeshwa. Hapo X kubwa haisaidii, kwa kuwa kila faili linadai kuwa nayo, nawe huna budi kurudi kwenye D755,F644. Kwa upande wa tar, programu ya kufunga mafaili mengi katika kumbukumbu moja, tatizo ni umiliki: kumbukumbu iliyofunguliwa na root hujaribu kurejesha wamiliki wa awali, na jina lisipokuwepo kwenye seva hutumika namba yake. Namba 1000, ambayo kwenye kompyuta yako ni wewe, huenda kwenye seva ni mtu mwingine kabisa, naye atajikuta mmiliki wa mafaili yako bila kuomba. Chaguo la --no-same-owner huzuia hilo.

Yapo pia mafaili machache ambayo kosa lake ni ruhusa kuwa pana, si kuwa finyu. Ufunguo binafsi wa SSH ukifika ukiwa 644, programu itakataa kuutumia na kukuonya kwamba hauna ulinzi. Uwe 600, ndani ya folda ya .ssh yenye 700. Hifadhidata ya PostgreSQL haiwaki kama folda yake ya data ina zaidi ya 700, au 750 kuanzia toleo la 11. Kwa mafaili ya aina hii, kulegeza ruhusa kwa ajili ya kutafuta suluhisho ndiko kunakoleta tatizo.

Mwisho, kabla ya kupeleka chochote kwa rsync, iendeshe kwanza kwa -n na -i. Haitaandika kitu, bali itaorodhesha inachokusudia kukifanya, na herufi p, o au g katika safu ya kwanza zitakuonyesha penye ruhusa, mmiliki au kundi litakalobadilika. Soma zaidi mstari wa juu kabisa, ule unaoishia na nukta na mkwaju, kwa sababu unazungumzia folda ya kupokea yenyewe. Siku ile niliyojifungia nje, ungesomeka .d..tp..... ./ na herufi hiyo moja ya p ingenitosha.